Deni la Miaka Ishirini, Bei ya Adhuhuri Moja: Mpito wa Nishati na Uthabiti wa Kampuni za Nishati

Kusini mwa Ujerumani, kandokando ya mto Danube, kuna kijiji kiitwacho Irsching chenye mtambo wa gesi ambao ulipokamilika mwaka 2011 ulikuwa miongoni mwa mitambo yenye ufanisi mkubwa kuliko yote duniani. Katika majaribio ya Mei mwaka huo uligeuza zaidi ya asilimia 60 ya nishati iliyomo katika gesi kuwa umeme, kiwango ambacho wahandisi walikuwa wamekitafuta kwa miaka mingi. Machi 2015, hata kabla mtambo huo haujatimiza miaka minne, kampuni ya E.ON na washirika wake walitangaza kwamba wanataka kuufunga pamoja na mwenzake uliopo hapohapo, ambao nao ulikuwa umeanza kazi mwaka 2010. Mtambo haukuwa mbovu wala mkongwe, na ulitoa kaboni kidogo kuliko mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi nchini humo. Kilichouangusha ni kukosa saa za kuuza umeme kwa bei inayolipa.

Naanza na Irsching kwa sababu kisa chake kinapingana na maelezo tunayoyasikia mara nyingi kuhusu mpito wa nishati, yaani safari ya kuondoka kwenye makaa, mafuta na gesi kuelekea vyanzo visivyotoa kaboni. Maelezo hayo husema kwamba kampuni chafu zitadhoofika na kampuni safi zitastawi, kana kwamba uchafu na umaskini ni kitu kimoja. Ukifungua vitabu vya hesabu vya kampuni zenyewe unakuta jambo jingine. Kampuni zilizotikisika, ziwe za makaa, za gesi au za upepo, zilikuwa na ugonjwa unaofanana: zilijifunga kwa ahadi za muda mrefu zisizobadilika, za kulipa deni, kununua mafuta au kuuza umeme kwa bei fulani, huku fedha za kutimiza ahadi hizo zikitegemea bei, sheria na riba zinazoweza kugeuka ndani ya miaka mitatu. Mpito hudhuru kwa kuongeza pengo kati ya viwili hivyo.

Uthabiti wa kifedha, katika makala haya, si sawa na faida. Kampuni inaweza kutangaza faida leo na ikashindwa kulipa kesho. Ninachokizungumzia ni uwezo wa kulipa madeni yanapoiva, kukopa tena kwa riba inayobebeka, na kuvuka mwaka mbaya bila kulazimika kuuza mali kwa bei ya hasara. Biashara ya nishati huujaribu uwezo huu kuliko biashara nyingi nyingine, kwa kuwa mtambo, bomba au bwawa hujengwa kwa mabilioni yanayotumika kabla shilingi ya kwanza haijaingia, na sehemu kubwa ya mabilioni hayo huwa ni ya kukopa.

Ili kuelewa kilichotokea Ujerumani ni lazima kwanza tuelewe soko la jumla la umeme linavyofanya kazi. Kwa kila saa ya siku hufanyika mnada, na wazalishaji hupangwa kuanzia mwenye gharama ndogo kabisa ya kuzalisha uniti moja zaidi. Jua na upepo havina mafuta ya kununua, kwa hiyo hukaa mbele ya foleni. Nyuma yao hufuata nyuklia, kisha makaa, na mwishoni gesi. Mtambo wa mwisho unaohitajika kutosheleza mahitaji ya saa ile ndio unaoweka bei, na wote walioitwa hulipwa bei hiyohiyo. Zamani adhuhuri ilikuwa saa ya mavuno, kwa sababu viwanda na ofisi vilihitaji umeme mwingi, mitambo ya gesi iliitwa, na bei ilipanda. Paneli za jua zilipojaa mapaani, adhuhuri ikawa ndiyo saa ambayo gesi haihitajiki tena. Mwenye mtambo wa gesi alipoteza saa za kuuza, na mwenye mtambo wa makaa aliyebaki kwenye foleni alilipwa bei ndogo kuliko ile aliyoitarajia alipokopa.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa kasi. Sheria ya nishati jadidifu ya Ujerumani ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye paneli na mitambo ya upepo bei maalumu kwa miaka ishirini pamoja na haki ya umeme wao kupokelewa kwanza kwenye gridi. Katika kila mmoja wa miaka ya 2010, 2011 na 2012 nchi hiyo iliongeza zaidi ya megawati 7,000 za umeme wa jua. Wastani wa bei ya jumla, ambao mwaka 2008 ulikuwa takriban euro 65 kwa kila megawati-saa, ulishuka hadi karibu euro 29 mwaka 2016. Jua na upepo havikuwa sababu pekee, kwa maana makaa yalikuwa rahisi, vibali vya kutoa kaboni katika Umoja wa Ulaya vilikuwa vimeshuka bei, na mdororo wa uchumi uliotokea baada ya 2008 ulipunguza mahitaji. Lakini kwa kampuni iliyojenga mtambo kwa kuamini bei ya 2008 ingedumu, sababu zote hizo ziliingia kwa mlango mmoja. Na wakati huohuo, baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, ya Machi 2011, serikali iliamuru vinu vinane vya nyuklia vizimwe, vinu ambavyo gharama zake za ujenzi zilikuwa zimekwisha kurudishwa na vilikuwa vikileta fedha kila siku.

E.ON ilipata hasara ya mwaka 2011, ya kwanza tangu kampuni hiyo iundwe. RWE, mpinzani wake mkubwa, ilitangaza kwa mwaka 2013 hasara ya takriban euro bilioni 2.8, jambo ambalo halikuwahi kuipata kwa zaidi ya miaka sitini. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wasomaji wengi hudhani hasara ya namna hii ni fedha zilizotoka mfukoni. Kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo. Ilikuwa ni kushusha thamani ya mali vitabuni: mtambo bado upo, mashine zake bado zinazunguka, lakini wahasibu wanakiri kwamba fedha utakazoleta katika maisha yake yaliyobaki hazitafikia thamani iliyoandikwa.

Kukiri huko kunaweza kuonekana kuwa jambo la karatasi tu, ila madhara yake ni ya kweli. Thamani ya mali inaposhuka, kinachopungua upande wa pili wa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, ni mtaji wa wenye hisa, kwa kuwa deni halishuki pamoja na mtambo. Mkopeshaji anadai kilekile alichokopesha. Uwiano wa deni kwa mtaji unaharibika, mashirika yanayopima uwezo wa wakopaji yanashusha daraja la kampuni, na mkopo unaofuata unakuja na riba kubwa zaidi. Halafu kuna jambo lisilozungumzwa sana. Kampuni za umeme huuza umeme wa mwakani na wa mwaka kesho kutwa kwa mikataba, na wenzao katika biashara hiyo hudai dhamana ya fedha taslimu pale daraja la kampuni linaposhuka. Hivyo ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kutumika, unabanwa wakati uleule ambapo mapato yamepungua. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, na katika biashara hii matanga huweza kuanza mapema zaidi kuliko ratiba ya mkopo inavyoonyesha.

Maumivu hayakubaki ndani ya kampuni. Karibu robo ya hisa za RWE zilikuwa mikononi mwa miji na wilaya za magharibi mwa Ujerumani, ikiwemo Essen na Dortmund, na miji hiyo ilikuwa imezoea kutumia gawio la kila mwaka kugharimia huduma za wakazi wake. Februari 2016 RWE ilitangaza kwamba kwa mwaka uliotangulia wenye hisa za kawaida hawatapata gawio lolote. Mikoa ambayo tayari ilikuwa imepoteza ajira za migodi ikakuta pengo katika bajeti. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa linaonyesha kwamba neno “wawekezaji” mara nyingi huficha manispaa, mifuko ya pensheni na hazina za nchi, na nyuma ya hizo wapo watu ambao hawajawahi kununua hisa hata moja.

Kampuni hizo zilitafuta njia ya kutokea kwa kujigawa. E.ON ilibaki na mitandao ya kusambaza umeme, wateja na nishati jadidifu, na mwaka 2016 mitambo ya makaa na gesi pamoja na biashara ya kununua na kuuza gesi ikawekwa katika kampuni mpya iitwayo Uniper. Mwaka 2017 kampuni nne zilizokuwa na vinu vya nyuklia zililipa takriban euro bilioni 24 katika mfuko wa umma, na serikali ikabeba jukumu la kuhifadhi taka za nyuklia kwa vizazi vijavyo. Kugawa kampuni hakufuti deni. Kunaamua tu nani anabaki nalo. Sekta ya umeme ya Ujerumani ilipumua, lakini hatari haikutoweka, ilihamia mahali pengine.

Mahali hapo palionekana mwaka 2022. Uniper ilikuwa imewaahidi wateja wake, wakiwemo wasambazaji wa gesi wa miji mingi, gesi kwa bei zilizokwisha kupangwa, na ilitegemea mikataba ya muda mrefu na Urusi ili kutimiza ahadi hiyo. Gesi ya Urusi ilipokatwa baada ya vita vya Ukraine kuanza, ililazimika kununua sokoni kwa bei iliyokuwa imeruka mara kadhaa, huku ikiendelea kuuza kwa bei ya zamani. Mwaka huo ilipata hasara ya takriban euro bilioni 19, na kufikia Desemba serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua karibu asilimia 99 ya hisa zake. Chanzo kilikuwa vita, si mpito, na ni haki kutenganisha viwili hivyo. Hata hivyo anguko lilifuata njia ileile: ahadi isiyobadilika upande mmoja, gharama iliyogeuka upande wa pili, na katikati kampuni isiyokuwa na mtaji wa kutosha kusubiri.

Katika makaa ya mawe mfano wa Peabody Energy ya Marekani unaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi. Mwaka 2011, makaa ya kuyeyushia chuma yalipofikia dola 330 kwa tani katika mikataba ya robo mwaka, kampuni hiyo ilinunua Macarthur Coal ya Australia kwa takriban dola bilioni 5, nyingi zikiwa za kukopa. Mwanzoni mwa 2016 makaa hayo yalikuwa yameshuka hadi dola 81. Nyumbani Marekani gesi ya miamba ilikuwa imeyafukuza makaa kutoka mitambo ya umeme, kiasi kwamba mchango wa makaa katika umeme wa nchi hiyo ulitoka karibu nusu katikati ya muongo wa 2000 hadi takriban theluthi moja mwaka 2015. Tarehe 13 Aprili 2016 Peabody, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za binafsi za makaa duniani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ilitoka katika ulinzi huo mwaka mmoja baadaye ikiwa na deni dogo zaidi, na migodi yake mingi ikaendelea kuchimba. Kufilisika kulifuta fedha za wenye hisa na kuwakata wakopeshaji, ila makaa yenyewe yaliendelea kutoka ardhini. Wanaotarajia kwamba anguko la kifedha litafanya kazi ya kupunguza kaboni kwa niaba ya sera wanapaswa kulitafakari jambo hilo.

Sasa tugeukie upande wa kampuni safi, ambao maelezo mepesi huupitia haraka. Kampuni ya Denmark iliyokuwa ikiitwa DONG, jina linalotokana na mafuta na gesi asilia, iliuza biashara yake ya mafuta na gesi mwaka 2017, ikajiita Ørsted, na kuwa mjenzi mkubwa kuliko wote wa mitambo ya upepo baharini. Kwa miaka kadhaa ilikuwa mfano unaotajwa kila penye mjadala wa mpito. Kisha tarehe 1 Novemba 2023 ikatangaza kwamba inaacha miradi yake miwili ya Ocean Wind katika pwani ya New Jersey, Marekani, na kwamba imeshusha thamani ya mali zake kwa kroner bilioni 28.4 katika miezi tisa ya mwaka huo. Hisa zake zilianguka kwa karibu robo siku hiyohiyo. Agosti 2025 ilitangaza kuwaomba wenye hisa kroner bilioni 60 za mtaji mpya, na serikali ya Denmark, yenye zaidi kidogo ya nusu ya hisa, ikaahidi kutoa sehemu yake.

Ni nini kilichotokea kwa kampuni iliyofanya kila kitu ambacho ulimwengu uliiomba ifanye? Jibu linaanzia katika umbo la gharama za nishati jadidifu. Mtambo wa gesi ni rahisi kuujenga na ghali kuuendesha, kwa kuwa mafuta hununuliwa kila siku. Gesi ikipanda bei, bei ya umeme nayo mara nyingi hupanda, hivyo mapato na gharama husafiri pamoja. Mtambo wa upepo ni kinyume chake: karibu gharama yote hulipwa mwanzoni. Kwa hiyo bei ya umeme wa upepo kwa kiasi kikubwa ni bei ya fedha. Chukua mfano wa hesabu tu. Mkopo wa dola bilioni 1 unaolipwa kwa awamu sawa kwa miaka ishirini unahitaji takriban dola milioni 67 kwa mwaka riba ikiwa asilimia 3. Riba ikifika asilimia 7, malipo hayo yanakuwa takriban milioni 94. Upepo ni uleule, mashine ni zilezile, bahari haijabadilika, lakini mzigo umeongezeka kwa asilimia 40.

Ndivyo ilivyokuwa New Jersey. Mradi wa kwanza wa Ocean Wind ulishinda zabuni mwaka 2019, wakati fedha zilikuwa rahisi, na bei ya kuuzia umeme ikafungwa. Kati ya Machi 2022 na katikati ya 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, vyuma na nyaya vikapanda bei, na wasambazaji wa vifaa wakachelewa. Ahadi ya kuuza ilibaki palepale. Mtu aliyesoma kisa cha Uniper ataiona sura ileile, ingawa moja ilikuwa kampuni iliyotegemea gesi ya Urusi na nyingine kampuni ya upepo.

Kwa sababu hizo, benki kuu zilianza kulitazama suala hili kama jambo linalogusa mfumo mzima wa fedha. Tarehe 29 Septemba 2015, Mark Carney, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, aliwahutubia viongozi wa kampuni za bima mjini London na kueleza hatari ya mpito, yaani uwezekano wa thamani ya mali nyingi kubadilika ghafla pale sera, teknolojia au mtazamo wa soko unapogeuka. Hoja yake haikuwa kwamba mpito ni mbaya. Alionya kwamba ukicheleweshwa na kisha ukafanywa kwa pupa, benki, mifuko ya pensheni na kampuni za bima zitajikuta zimeshika hasara ileile siku ileile. Jaribio la Benki Kuu ya Ulaya la mwaka 2021, la kupima jinsi kampuni na benki zingestahimili hatari za tabianchi, lilifikia mwelekeo unaokubaliana na onyo hilo: gharama za kuanza mapema ni ndogo zikilinganishwa na gharama za kuacha mambo yaende yenyewe. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Kenya iliyapa mabenki mwongozo wa kusimamia hatari za tabianchi, na Benki Kuu ya Tanzania ikafuata kwa mwongozo wake mwaka 2022. Miongozo hiyo inaitaka benki ya Nairobi au Dar es Salaam ijiulize swali ambalo zamani halikuulizwa: mteja huyu anayekopa kwa miaka kumi na mitano, biashara yake itakuwa na sura gani katika mwaka wa kumi?

Kwa msomaji wa Kenya, swali hilo limekwisha kupata jibu la vitendo, na jibu lenyewe halihusu makaa wala mafuta. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini humo hutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Kwa kipimo cha kaboni Kenya imekwisha kuvuka mto ambao Ujerumani bado inaogelea. Hata hivyo Kenya Power, kampuni inayonunua umeme huo na kuwauzia wananchi, ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 3.2 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, kisha faida ya takriban bilioni 30 katika mwaka uliofuata. Hakuna kampuni ya umeme inayobadilika tabia kwa kiasi hicho ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni thamani ya shilingi, iliyofikia takriban 160 kwa dola mwezi Januari 2024 na kurudi karibu 130 kabla ya Juni. Mikopo mingi ya kampuni hiyo na mikataba ya kununua umeme imeandikwa kwa dola na euro, na mama anayenunua tokeni Kisumu analipa kwa shilingi.

Mikataba yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Mwekezaji anayejenga mtambo katika nchi ambayo wakopeshaji wanaiona kuwa ya hatari hudai ahadi ya kulipwa kwa utayari wake wa kuzalisha, hata kama umeme wake haukuchukuliwa. Bila ahadi hiyo benki haitoi mkopo. Mradi wa Lake Turkana Wind Power kule Loiyangalani, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulijengwa kwa mkataba wa miaka ishirini wa kuuza umeme kwa euro. Mitambo ilikuwa imekamilika kusimikwa mwaka 2017, ilhali njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018, baada ya mkandarasi wake wa Uhispania kufilisika. Kwa muda huo upepo ulivuma bila faida kwa yeyote, na upande wa umma ukawajibika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Na hadi leo, usiku wa manane mahitaji yanaposhuka, mvuke wa jotoardhi kule Olkaria huachwa utoke hewani kwa kuwa hakuna wa kuununua umeme wake.

Hapa kuna mzunguko unaonitia wasiwasi kuliko mambo mengine yote niliyoyaeleza. Malipo yasiyobadilika hugawanywa kwa uniti zinazouzwa, kwa hiyo bei kwa mteja inapanda. Kiwanda kinachoona bei imepanda, na kinachoona paneli za jua zimekuwa rahisi, kinaweka paneli zake juu ya paa na kupunguza ununuzi wake kutoka gridi. Uniti zilizouzwa zinapungua, malipo ya mikataba hayapungui, na waliobaki wanabebeshwa zaidi. Pakistan imeupitia mzunguko huu kwa kasi ya kutisha: mwaka 2024 pekee iliagiza kutoka China paneli zenye uwezo wa takriban megawati 17,000, huku serikali ikiendelea kudaiwa malipo ya mitambo ya makaa na gesi iliyojengwa kwa mikataba ya aina hiyohiyo. Wenye uwezo wa kununua paneli wanatoka. Wanaobaki kulipia mitambo isiyotumika ni wale wasio na paa la kuziweka wala fedha za kuzinunua.

Udhaifu wa fedha nao huuzuia mpito. Eskom ya Afrika Kusini, inayotegemea makaa kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ilifikia mahali ambapo Februari 2023 serikali ilitangaza kubeba deni lake la rand bilioni 254. Kampuni iliyokuwa ikishindwa kukarabati mitambo iliyonayo, na iliyokuwa ikiwapa wananchi mgawo wa umeme kila siku, haikuwa na nafasi ya kukopa kwa ajili ya njia za kusafirisha umeme wa jua kutoka jimbo la Northern Cape, jua likiwa limejaa huko. Kituo cha makaa cha Komati kilifungwa Oktoba 2022 kwa matumaini kwamba kingekuwa mfano wa mpito wenye haki, na ajira mpya zilizoahidiwa zikachelewa kuliko ajira za zamani zilivyoondoka.

Mfano wa mwisho uko karibu zaidi na wengi wetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake mazito lazima yapashwe moto njia nzima ili yasigande. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022. Mpango ulikuwa sehemu kubwa ya gharama, inayozidi dola bilioni 5, itokane na mikopo. Lakini benki nyingi kubwa za Ulaya, Marekani na Japani zilisema hazitashiriki, baadhi kwa sababu ya sera zao za tabianchi na baadhi kwa sababu ya shinikizo la wanaharakati waliotetea mazingira na wakazi wa njia ya bomba. Wenye hisa wakalazimika kutanguliza fedha zao wenyewe, na ujenzi ukavuka nusu kabla ya awamu ya kwanza ya mikopo kutangazwa Machi 2025. Waliotoa mikopo hiyo ni Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, benki zake na za KCB zilizopo Uganda, na taasisi ya Kiislamu ya kuendeleza sekta binafsi.

Hatari ya mpito katika mradi huu ilijionyesha kabla ya pipa la kwanza, kwa njia ya nani anakubali kukopesha na nani anakataa. Benki zilipojitoa mradi haukusimama, ila umiliki wa hatari ulibadilika: uliondoka kwenye mizania za London, Paris na Tokyo ukaingia kwenye mizania za wenye hisa na za benki za Kiafrika. TotalEnergies, yenye asilimia 62, ina biashara katika nchi nyingi na inaweza kumeza hasara ya mradi mmoja. CNOOC ya China ina asilimia 8. Asilimia 30 zilizobaki zimegawanywa sawa kati ya shirika la mafuta la taifa la Uganda na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), mashirika ya umma yasiyo na visima vingine vingi vya kuegemea. Bomba likipata bei nzuri ya mafuta katika miaka yake ya mwanzo, mikopo italipwa na kila mmoja atapata chake. Bei ikidorora katikati ya muongo ujao kwa sababu magari ya China na Ulaya yamehamia umeme, ada ya kusafirisha mafuta ndiyo itakayogombaniwa, na gawio la TPDC litapungua mwaka uleule ambao hazina ya Tanzania itakuwa imelipanga katika bajeti, kama Essen ilivyokuwa imepanga la RWE.